Fedha za Maveterani: Ipi ni Haki, Ipi ni Mkopo



Katika viwanda vyetu hapa Kampala, na katika mashamba ya chai na miwa, wamo wenzetu waliowahi kuvaa magwanda. Walinzi wa getini wengi ni askari wastaafu. Katika kina mama wanaofunga bidhaa wamo wajane wa askari. Hao hutuuliza kila mara: "Tunasikia serikali imetoa pesa ya maveterani, mbona sisi hatuioni?" Tumeona heri tueleze, maana watu wanachanganya fedha za namna tatu, na katika mchanganyiko huo wajanja wanapata chakula chao.

Fedha ya kwanza ni pensheni na kiinua mgongo. Hii ni haki ya mtu mwenyewe kwa kazi aliyofanya, wala haihitaji kikundi, kadi ya chama chochote, wala mwenyekiti. Mambo yake yako katika Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Maveterani, kule Mbuya. Askari akifariki, mjane hafuati fedha hiyo kwa maneno matupu. Atahitaji cheti cha kifo, barua ya LC 1, kisha aende kwa Msimamizi Mkuu wa mirathi, na baadaye mahakamani apate hati ya kusimamia mali ya marehemu. Njia ni ndefu, hatukatai. Lakini mjane akikaa kimya, shemeji ndiye atakayekwenda.

Ya pili ni ile inayoitwa akasiimo, yaani ahsante. Hii ni ya raia waliosaidia vita vya msituni vya mwaka 1981 hadi 1986, hasa upande wa Luwero, nayo hupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Hulipwa mara moja. Haiji kila mwezi, na si ya kila mtu aliyekuwa na bunduki.

Ya tatu ndiyo yenye kelele nyingi: fedha ya vikundi. Mpango wa Emyooga, uliotangazwa mwaka 2019, uligawa watu kwa kazi zao: mabodaboda, mafundi cherehani, wachuuzi wa soko, na maveterani nao wakapewa fungu lao. Vikundi vidogo vya parishi hujiunga na kuwa SACCO moja ya jimbo la uchaguzi, na SACCO hiyo hupewa shilingi milioni 30 za kuanzia. Basi tupige hesabu. Jimbo likiwa na wanachama 300, kila mmoja fungu lake ni shilingi 100,000. Hiyo haijengi nyumba. Ndiyo maana fedha hii haikuletwa igawanywe. Ilikusudiwa ikopeshwe, irudi na faida kidogo, akope mwingine. Wengi waliipokea karibu na uchaguzi wa mwaka 2021 wakadhani ni zawadi, wakala. Sasa SACCO yao ina muhuri na kitabu, sanduku limebaki tupu.

Makosa hayo hatuwalaumu peke yao. Kati ya mwaka 1992 na 1995 serikali ilipunguza jeshi, ikawarudisha uraiani askari zaidi ya elfu 36, na ikaunda bodi ya kuwasaidia. Miongoni mwetu wapo waliokuwa watoto siku baba alipofika kijijini na mabati, na fedha zikaja kwa awamu. Ule ulikuwa msaada kweli, hakuna aliyedaiwa kurudisha bati. Mzee aliyezoea hivyo, ukimwambia leo fedha ya veterani ni mkopo, anakuona mwongo.

Kuna kikundi kimoja hapa mjini, jina tunalificha. Walinzi na wajane walichangishwa shilingi 20,000 kila mtu "za fomu". Aliyekusanya alikuwa na kofia ya jeshi na Kiswahili kizuri cha kambini. (Wengi Uganda bado hutii Kiswahili hicho kwa woga wa zamani. Sisi tunakiandika hapa kwa sababu mjane aliyeishi kambini anakisoma, si kwa ajili ya kumtisha.) Fomu haikuonekana mpaka leo. Kikundi cha kweli huandikishwa na ofisa wa maendeleo ya jamii katika divisheni yako, kina akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja, na kitabu chake kila mwanachama anaruhusiwa kukifungua. Mwenyekiti akikasirika ukiomba kuona kitabu, umekwisha kupata jibu.

Tena jambo moja la kazini. Waajiri wengine humwambia mlinzi mstaafu, "Wewe una pensheni ya jeshi, NSSF ya nini?" Hiyo si kweli. Kazi ya kampuni ni kazi nyingine. Mwajiri anatakiwa kutoa asilimia 10 na mfanyakazi asilimia 5, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 hata mwenye wafanyakazi wawili hana pa kujificha. Tazameni karatasi ya mshahara. Kama asilimia 5 imekatwa, ulizeni NSSF wenyewe kama imefika pamoja na ile 10.

Mjane au mstaafu mwenye karatasi asizozielewa, azilete kwa mjumbe wa chama kiwandani au shambani kabla hajamlipa mtu yeyote. Aje na nakala. Zile zenyewe aziache nyumbani.