Chai Nyeusi, Chai ya Matofali na Damu ya Mtoto Wako

Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho huenda kiko jikoni kwako wakati huu. Tunazungumza juu ya chai.

Hapa Jilore asubuhi nyingi huanza na sufuria ya chai. Kukiwa na maziwa, yanatiwa. Yasipokuwapo, tunakunywa chai ya rangi, strungi, au chai ya mkandaa kama wanavyoiita watu wengi wa pwani. Mtu mzima anainywa kwa mahamri au kwa muhogo wa kuchemsha. Na mtoto wa miezi minane anachovyewa kipande cha mkate katika kikombe hicho hicho, au anatiliwa chai kidogo kwenye chupa ili anyamaze. Hakuna anayefanya hivyo kwa nia mbaya. Chai ni rahisi, ina joto na ina sukari, na mtoto anaipenda. Lakini chai nyeusi ina jambo lisiloonekana kwa macho, nalo linahusu damu ya mtoto.

Hebu tuanze na hilo jina mkandaa. Mkandaa ni mti wa baharini, mmoja wa mikoko. Gamba lake lina rangi nyekundu iliyokolea, na tangu zamani limetumika kutia rangi na kulainisha ngozi za wanyama. Kinachofanya kazi ndani ya gamba hilo huitwa tanini. Chai nayo ina vitu vya jamii hiyo. Ukinywa strungi iliyochemka sana, ulimi unakauka na kukwaruza, kama umetafuna bibo la mkorosho ambalo halijaiva vizuri. Ukihisi hivyo, ujue umeonja tanini.

Tanini ikifika tumboni pamoja na chakula, inayakamata madini ya chuma yaliyomo katika chakula hicho. Madini ya chuma ndiyo ambayo mwili hutumia kutengeneza damu. Yakishakamatwa na tanini, mwili hauwezi kuyachukua. Yanapita tu na kutoka chooni.

Sasa sikiliza vizuri, mama, kwa maana hapa ndipo penye uzito. Chuma cha chakula kiko cha aina mbili. Kuna kile cha nyama, maini, kuku na samaki, ambacho chai haikisumbui sana. Na kuna kile cha mchicha, mtsunga, majani ya kunde, pojo, maharagwe na unga wa mahindi. Hicho cha pili ndicho ambacho chai hukikamata. Je, katika sahani ya mwanao, ni kipi kilicho kingi? Nyumba inayokula nyama kila siku haipotezi sana kwa sababu ya chai. Nyumba inayokula sima kwa mboga ndiyo inayopoteza.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika jinsi walivyowapa wanawake mkate, kwanza kwa maji, kisha kwa chai. Kwa chai, chuma kilichoingia mwilini kilishuka sana, kisifike hata nusu ya kile kilichoingia kwa maji. Mwaka 1985 watafiti wa Israeli walitoa habari za watoto wachanga waliozoeshwa chai. Watoto hao walikuwa na upungufu wa damu kuliko wenzao wasiopewa chai. Wengine husema ukitia maziwa basi tanini imekwisha. Haiishi. Maziwa hupunguza ukali mdomoni, lakini kwa habari ya chuma tofauti ni ndogo mno.

Na damu ya watoto wetu tayari inavutwa na mambo mengine. Malaria huvunja damu. Minyoo ya safura, inayoingia kwa nyayo za mtoto anayetembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu, hunyonya damu matumboni kila siku. Mtoto huyo anaamka akiwa na damu kidogo, na kile kidogo ambacho mtsunga ungemwongezea kinakamatwa na kikombe cha chai. Hatusemi kwamba chai peke yake ndiyo inayomaliza damu. Tunasema kwamba kati ya hayo yote, chai ndilo jambo ambalo unaweza kulibadilisha leo hii bila kutumia hata shilingi moja.

Tukiwa bado kwenye habari ya chai nyeusi, iko nyingine ambayo huenda umeiona mjini, au umeletewa na ndugu anayefanya kazi ng'ambo. Hii ni chai ya Kichina iliyogandamizwa kama tofali au kama sahani, nyeusi tii, yenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Husifiwa kwamba imechachushwa, na kwa hiyo ni dawa ya tumbo, ya mafuta mwilini, hata ya damu. Tuieleze ilivyo.

Chai yetu ya Kericho na Limuru hukatwakatwa, ikaachwa ipigwe na hewa mpaka igeuke rangi, kisha ikaushwe. Kazi hiyo ni ya hewa. Ile ya Kichina, inayotoka sehemu kama Yunnan na Hunan, hulundikwa ikiwa na unyevu, vijidudu na ukungu wa aina maalum vikaifanyia kazi kwa majuma mengi. Halafu hupigwa mvuke na kugandamizwa. Waligandamiza ili ibebeke kwa wanyama katika safari ndefu za kwenda Tibet na Mongolia, ambako watu huinywa kwa chumvi, maziwa au siagi. Ni kinywaji cha watu wenye baridi kali na mboga chache, na kwa watu wazima wa huko kina heshima yake.

Lakini mama, kuchachuka hakuifanyi kuwa dawa ya damu. Tanini hupungua kiasi, haziishi, na chai hiyo bado hukamata chuma. Tena matofali ya bei ya chini hutengenezwa kwa majani yaliyokomaa sana, na jani la chai kadiri linavyozeeka ndivyo linavyokusanya floridi kutoka ardhini. Floridi nyingi huharibu meno na mifupa. Ni madhara yale yale unayoyaona kwa watu waliokulia sehemu fulani za Nakuru au Arusha, ambao meno yao yana madoa ya kahawia kwa sababu ya maji ya huko. Katika Tibet watoto wengi waliokunywa chai ya matofali walipatikana na meno ya namna hiyo, na mwaka 2005 serikali ya Uchina iliweka kiwango cha floridi ambacho tofali la chai lisipite. Mtu mzima akionja kikombe hatadhurika. Mtoto asipewe.

Na usiichanganye chai hiyo na vile vipaketi vinavyouzwa kwa jina la chai ya kupunguza tumbo. Vingi kati ya hivyo vina sanamaki, ambayo bibi zetu wanaijua vizuri kuwa ni dawa ya kuharisha. Unaloliona limepungua ni maji ya mwili. Mama mjamzito au anayenyonyesha asivinywe.

Ukitaka kitu kilichochachuka cha kumfaa mtoto, unacho nyumbani. Uji wa mtama, wimbi au mahindi ulioachwa uchachuke huachilia chuma chake kwa urahisi zaidi, kwa sababu kuchachuka huvunja kile kinachokizuia ndani ya nafaka. Hakikisha tu chombo ni safi na uji umepikwa vizuri.

Basi tufanyeje na chai? Mtoto aliye chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu, bila chai na bila maji. Kuanzia miezi sita mpaka miaka miwili, chai isiwe kinywaji chake kabisa. Mpe maji safi, uji, na uendelee kumnyonyesha. Kwa watoto wakubwa na kwako wewe mwenyewe, chai isikae pamoja na chakula. Kula kwanza, ungoje angalau saa moja, kisha unywe. Muda huo pekee hupunguza sana hasara. Najua asubuhi ni vigumu, kwa kuwa mihogo na chai vimezoeana. Basi linda mlo wa mchana na wa jioni, penye mboga.

Na kwenye mboga hizo kamulia ndimu, au mpe mtoto embe, papai, chungwa, au maji ya mabuyu. Uchachu wa matunda hayo hukifungua chuma cha mboga, kinyume cha kazi ya chai. Dagaa wachache waliopondwa ndani ya mboga hufanya kazi hiyo hiyo.

Ikiwa hawe ndiye anayebaki na mtoto, mweleze kwa heshima. Yeye alilea wengi kwa chai, na hatapenda kuambiwa kwamba alikosea. Mwachie uji tayari, ili asilazimike kutafuta kitu cha kumnyamazisha mjukuu.

Jambo la tahadhari: usikimbilie dukani kumnunulia mtoto dawa ya maji ya kuongeza damu. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti uliofanywa Pemba, kisiwa chenye malaria nyingi wakati huo. Watoto wadogo waliopewa vidonge vya chuma na foliki bila kupimwa kwanza walilazwa hospitalini au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Chuma cha kwenye chakula hakina neno. Dawa ya chuma kwa mtoto itoke kwa mhudumu wa afya, baada ya kupimwa malaria na damu.

Mjamzito ni tofauti. Vidonge unavyopewa kliniki umeze kila siku, kwa maji au maji ya chungwa, kamwe si kwa chai. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni vidonge hivyo.

Mtazame mtoto wako kwenye mwanga wa jua. Fungua kiganja chake ukilinganishe na chako, kisha vuta chini kope la jicho uone ndani. Ukiona weupe, au akiwa anachoka upesi, hataki kucheza, au anakula udongo, mpeleke zahanati siku hiyo. Akiwa anahema kwa shida au amelegea, usingoje kuche. Kuanzia mwaka mmoja apewe dawa ya minyoo kila miezi sita, na usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa. Ukifika zahanati, mwambie mhudumu mtoto hunywa vikombe vingapi vya chai kwa siku na hunywa wakati gani. Huenda asikuulize, kwa hiyo litaje wewe mwenyewe.