Pongezi za Bunge na Mafuta ya Boti

Mwaka 2016 shirika la habari la CNN lilimtaja Umra Omar miongoni mwa mashujaa wake kumi wa mwaka. Mwaka uliofuata, Umoja wa Mataifa nchini Kenya ukamtunuku heshima ya Mtu wa Mwaka. Mama huyu, ambaye asili yake ni Siyu katika kisiwa cha Pate, ndiye mwanzilishi wa Safari Doctors, kundi la wahudumu wa afya wanaosafiri kwa mashua kupeleka chanjo na huduma za waja wazito katika vijiji vya Lamu ambavyo barabara haivifikii. Heshima zote mbili zilitoka nje ya mabunge yetu. Je, bunge nalo likitaka kumtambua mtetezi wa afya ya wanawake, hufanya nini hasa, na utambuzi huo una nguvu gani?

Nchini Marekani mabunge ya majimbo hupitisha maazimio ya kumpongeza raia kwa jina. Anaweza kuwa mwalimu, daktari, au hata mkuu wa masoko wa kampuni aliyetumia ujuzi wake wa matangazo kuhimiza wanawake wakapimwe saratani. Azimio la namna hiyo halimlazimishi mtu yeyote kufanya lolote. Kwetu Kenya, mbunge au seneta anaweza kusoma taarifa ya pongezi kwa idhini ya Spika, na maneno yake yakaingia katika Hansadi. Nishani za taifa ni jambo jingine. Hizo hutolewa na Rais kwa niaba ya wananchi, chini ya Ibara ya 132 ya Katiba na Sheria ya Nishani za Kitaifa ya 2013.

Sizidharau pongezi. Kueneza habari ni sehemu ya tiba, na watu wa masoko wanalifahamu jambo ambalo sisi wa afya hulisahau: tangazo halimfikii mtu mpaka umjue anayemsikiliza. Mja mzito wa Kizingitini, kisiwani Pate, haamui peke yake lini aende hospitali. Yuko mamake, yuko mkwewe, yuko mkunga aliyewazalisha dada zake, na yuko mume ambaye ndiye atakayetafuta pesa za mafuta ya boti. Bango lililobandikwa zahanati humfikia mwanamke ambaye tayari amefika zahanati. Anayehitaji kujua kwamba kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa, kuona kiwi au kuvimba uso na mikono ni dalili za hatari ni yule aliyebaki nyumbani, pamoja na wote wanaoamua naye. Anayeweza kuufikisha ujumbe huo hadi barazani anastahili kutajwa bungeni.

Lakini bunge lina chombo kizito kuliko sifa, nacho ni sheria. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa mama kunyonyesha kazini. Mwaka huohuo, marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi yaliipa serikali jukumu la kuwapa wasichana wa shule za umma taulo za hedhi bila malipo. Haya ni matunda ya utetezi wa miaka mingi, kwani kodi ya VAT kwenye taulo hizo ilikuwa imeondolewa tangu 2004. Hata hivyo, tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan, aliyekuwa Mwakilishi wa Kike wa Kwale, alitolewa katika ukumbi wa Bunge la Taifa kwa kuingia na mtoto wake mchanga. Mwezi Februari 2023 seneta Gloria Orwoba naye aliondoka ukumbini akiwa na doa la hedhi kwenye nguo yake. Sheria ilikuwa imeshaandikwa, lakini mazoea ya nyumba iliyoipitisha hayakuwa yamebadilika.

Kwa Lamu, chombo kinachogusa maisha zaidi ni bajeti ya kaunti. Huduma za afya, zahanati na usafiri wa wagonjwa vikiwemo, ni kazi ya kaunti. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 143,920 katika Lamu nzima, na baadhi yao wako Kiwayu na Ndau, ambako safari ya kwenda Hospitali ya King Fahd mjini Lamu ni ya bahari. Kwa sheria ya fedha za umma, makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na huidhinishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Huo ndio msimu wa masika na wa kusi. Bahari inachafuka, na mwanamke wa kisiwa cha mbali hushindwa kuhudhuria kikao cha maoni ya umma kwa sababu ileile inayomzuia kufika hospitali. Sauti yake hukosekana siku ambayo fedha za boti zinajadiliwa. Naliona hili kuwa kasoro kubwa, na linarekebishika: vikao vifanyike Faza na Kizingitini, na vianze mapema, kaskazi haijaisha.

Asiyeweza kuhudhuria ana njia nyingine. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ardhilhali, yaani ombi rasmi, Bungeni, na Sheria ya Serikali za Kaunti inatoa haki kama hiyo kwa bunge la kaunti. Ardhilhali ya Bunge la kitaifa inaweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, na asiyeweza kutia saini hutia alama ya kidole gumba. Lazima ieleze hatua zilizokwisha kuchukuliwa, iseme kama jambo liko mahakamani, na itaje waziwazi kinachoombwa.

Hapo penye kinachoombwa ndipo maombi mengi hulegea. "Tunaomba huduma bora za akina mama" ni maneno ambayo kamati itayakubali na kuyasahau. Wanawake wa Pate wakiandika kwa bunge la kaunti, waombe nahodha wa boti ya wagonjwa aajiriwe na kaunti, awe zamu usiku na mchana. Mafuta yake yatengewe kifungu chake cha fedha, kisichoweza kuhamishiwa magari ya ofisi. Na nyumba ya kusubiria ijengwe karibu na hospitali, ili mwenye mimba ya hatari avuke wiki mbili kabla ya siku zake, bahari ikiwa bado shwari.