Kunyatia Swala Bila Bunduki

Kijana wa Kibera au Kawangware anayetamani uwindaji wa swala aanzie wapi? Bunduki asiitafute. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikalikaza katazo hilo.

Hata hivyo, kilichokatazwa ni kuua, wala si kunyatia. Na kunyatia ndiko elimu yenyewe: kuutambua mkondo wa upepo ili harufu yako isimfikie mnyama, kuzisoma nyayo, kutulia tuli pindi ainuapo kichwa. Mwenda pole hajikwai.

Mazoezi yaanzie uwanjani mwa shule, kwa kumnyatia njiwa au mjusi. Kisha mwanafunzi ajiunge na chama cha wanyamapori shuleni. Vyama hivyo vilianzishwa nchini mwaka wa 1968 na wanafunzi wenyewe. Mwalimu naye awapeleke wanachama wake katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, ng'ambo tu ya Lang'ata. Humo watamtazama swala wakiwa garini, maana hairuhusiwi kushuka ovyo.

Tukizembea, hasara haitakuwa ya mbuga pekee, bali ya lugha pia. Tayari mtoto wa Nairobi akisikia "nyayo" huwaza uwanja wa kandanda, si alama ya kwato matopeni. Neno lisilo na tendo hubaki ganda. Walimu wenzangu, tuwatoeni watoto darasani wakalijaze ganda hilo.