Fizi si Fiji

Ukiandika "Fizi" kwenye simu ukitafuta picha za mahali pa kutembea, simu hudhani umekosea herufi. Inakuletea Fiji: minazi iliyoinamia maji, wageni waliojilaza kwenye vitanda vya kamba, bahari ya buluu isiyo na mwisho. Ni nchi nzuri, sibishi. Ina visiwa zaidi ya 300 katikati ya Pasifiki, na nauli ya kufika huko kutoka Dar es Salaam inanunua bodaboda mpya na chenji ikabaki. Fizi ninayoisema mimi haihitaji ndege. Mvua ikishaosha anga, simama Kigoma utazame magharibi: ile milima iliyopangana kama migongo ya ng'ombe ng'ambo ya ziwa ndiyo yenyewe.

Fizi ni wilaya ya jimbo la Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Makao yake, nayo huitwa Fizi, yako juu vilimani, lakini maisha yako chini ufukweni, katika mji wa Baraka. Wenyeji walio wengi ni Wabembe. Wapo pia Wabuyu, Wazoba, Wafuliiru na Wanyamulenge. Barabara inayotoka Uvira huufuata mwambao wa ziwa ikipita Makobola na Mboko, na mvua zikikolea, dereva ndiye anayejua kama ni barabara au ni mto.

Mimi sikupita huko. Nilipanda boti la mbao Kibirizi, Kigoma, lililojaa saruji, sabuni na magodoro, sisi abiria tukikaa juu ya mizigo. Ilikuwa Agosti, na kosa lilikuwa langu. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huvuma kwa urefu wote wa ziwa, zaidi ya kilomita 600 bila kizuizi, na mawimbi yanayoinuka humo si ya kuchezea. Mama mmoja aliyeketi pembeni yangu alinipa kipande cha tangawizi, akaniambia, "Tafuna, papa, usitazame maji." Nilitafuna. Nikayatazama hata hivyo.

Ukikaribia Baraka unaona mbele yako kisiwa kirefu chenye vilima. Si kisiwa. Ni rasi ya Ubwari, imeshikamana na bara upande wa kusini, na kati yake na bara imeingia ghuba iliyotulia ambamo Baraka imejibanza. Kosa hilo la macho lina wakubwa wake. Aprili 1858 wapelelezi Richard Burton na John Speke walipita hapa kwa mitumbwi wakitoka Ujiji kwenda Uvira, mmoja ulimi umejaa vidonda, mwingine macho yameharibika kwa maradhi, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Kosa lilidumu hadi mwaka 1876, mpelelezi mwingine, Stanley, alipolizunguka ziwa lote kwa mashua yake, Lady Alice. Leo ramani zinaiita ghuba ile kwa jina la Burton, yaani aliyekosea ndiye aliyepewa ghuba.

Mgeni afanye nini huko? Hakuna hoteli ya ufukweni, hakuna mtu wa kukukodisha boti lenye kioo chini. Kuna maji. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, ni la pili duniani baada ya Baikal ya Urusi, na penye mawe unaona chini kama unatazama ndani ya glasi. Lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sato, na karibu zote hazipo kwingine duniani. Ajabu yake ni kwamba samaki wa aina moja anaweza kuwa na mistari ya njano kwenye jabali hili, na kilomita chache mbele, kwenye jabali lingine, akawa mwekundu, kwa sababu hathubutu kuvuka mchanga ulio katikati. Wazungu wanawafuga kwenye matanki ya kioo sebuleni na kuwalipia pesa nyingi. Watoto wa Ubwari wanaogelea nao bure. Kabla hujajitosa, waulize watoto hao wanaoga wapi, na uoge hapohapo, maana mamba na viboko wapo.

Usiku ndio wenyewe. Giza likishika, ghuba inawaka taa moja moja, mpaka unadhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Wavuvi hufunga mitumbwi miwili au mitatu pamoja kwa miti, wananing'iniza taa nje na kushusha wavu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni balbu za betri na sola. Dagaa, ambao huku wanaitwa ndagala, hufuata mwanga, na wavu huinuliwa kutoka chini yao. Mbalamwezi ikiwa kali kazi husimama siku kadhaa, kwani nani afuate taa na mbingu nzima inawaka? Kwa hiyo panga safari yako kwa kalenda ya mwezi. Alfajiri ndagala humwagwa kwenye mchanga, fedha tupu, na hadi saa sita mchana wamekauka na harufu imefika kila mahali, hata kwenye shati lako. Utawala kwa bukari, yaani ugali wa muhogo, na sombe, ambayo ni kisamvu chetu kwa jina lingine. Maji ya kunywa yachemshwe. Kipindupindu kinaijua Baraka vizuri.

Lugha haitakusumbua. Kiswahili chao kina Kifaransa ndani na "mulikuya" badala ya "mlikuja", lakini usishangae kukutana na mtu anayezungumza kama mtu wa Kasulu. Alikulia huko. Vita vya miaka ya 1990 viliwavusha watu wa Fizi kwa maelfu hadi kambi za wakimbizi za Lugufu na Nyarugusu, Tanzania, na kuanzia mwaka 2005 meli zikaanza kuwarudisha kutoka Kigoma hadi Baraka. Muuza ndagala mmoja, aliposikia ninakotoka, aliacha kupima akaniuliza kama Kasulu bado kuna baridi asubuhi. Akaniongezea kopo moja.

Anayependa historia aende kusini, Kibamba. Hapo ndipo Che Guevara alipotua Aprili 1965 akitokea Kigoma usiku, kuwasaidia waasi. Wapiganaji wake wa Cuba walijipa majina ya namba za Kiswahili, naye mwenyewe, mkuu wa wote, akawa Tatu. Mnamo Novemba alirudi alikotoka, ameshindwa. Aliyebaki ni Laurent-Désiré Kabila, ambaye kuanzia 1967 aliendesha uasi wake kwenye milima hii kwa miaka mingi, na mwaka 1997 akawa rais wa nchi. Milima yenyewe haina kibao hata kimoja cha kueleza hayo. Nyuma yake, kaskazini-magharibi, kuna hifadhi ya Itombwe iliyotangazwa mwaka 2006, yenye gorila wa Grauer, lakini huko mtalii wa kawaida hafiki.

Na sasa la kusema wazi. Mapema mwaka 2025 waasi wa M23 waliiteka Goma, kisha Bukavu, na vita vikasogea kusini. Hata kabla ya hapo, vilima vya Fizi vilikuwa na makundi ya silaha kwa miaka mingi, na machimbo ya dhahabu ya Misisi yanayavuta zaidi. Wanaovuka ni wafanyabiashara na wenye ndugu, nao huuliza habari za siku ileile kabla ya kuingia botini. Wewe uliyetaka kwenda kuogelea tu, subiri.

Siku ya kwenda ikifika, beba miwani ya kuogelea kutoka nyumbani. Niliitafuta soko zima la Baraka nikaikosa.