Uzi Ulioniaibisha

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumze habari ya uzi. Nilipokuwa bado najifunza kudarizi kwa cherehani, nilipewa kazi ya shuka nyeupe na foronya za bibi harusi, jirani yetu. Nikazitia maua mekundu yanayong'aa kama hariri. Mama yake akazifua kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Maua yakapauka, na fedha nikairudisha.

Mkono nilikuwa nimeufunza: kushusha meno ya cherehani, kuwamba kitambaa kwenye fremu kikaze kama ngoma, kukisogeza polepole huku sindano ikienda mbio. Hakuna aliyenifunza uzi. Nilitumia wa rayoni, unaotengenezwa kwa rojo la mbao. Unang'aa sana, lakini dawa kali huuvua rangi. Kwa kitu cha kufuliwa mara kwa mara, kama shuka au nembo ya sare ya shule, chukua poliesta. Rayoni iachie nguo za sherehe.

Tazama na namba. Namba ikizidi, uzi hupungua unene: 40 hufaa kazi nyingi, 60 herufi ndogo. Sindano nayo iwe ya kudarizia, yenye tundu kubwa, la sivyo uzi utachanika nawe utalaumu cherehani bure.

Dukani usianze na rangi. Uliza uzi umetengenezwa kwa kitu gani. Muuzaji akibabaika, nunua mmoja tu, darizia kipande cha kitambaa, kiloweke katika dawa hiyo hiyo, ndipo upokee kazi ya mtu.