Ufahamu: Dalili za Sailensa Inayoharibika

Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Ukipita Gerezani, jirani na soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, utawaona mafundi wakichomelea mabomba ya moshi ya magari. Fundi mzoefu haanzi kwa kulala chini ya gari. Huanza kwa kusikiliza.

Sailensa ni kopo la chuma lililounganishwa na bomba la moshi chini ya gari, upande wa nyuma. Ndani yake mna vyumba na mabomba madogo yenye matundu. Gesi zinapotoka kwenye injini kwa mshindo, mawimbi ya sauti huingia humo, hugonga kuta na kurudi. Yanapokutana, baadhi hufutana, hivyo kelele hupungua.

Adui mkubwa wa sailensa ni kutu. Petroli ikiungua vizuri hutoa kaboni dayoksaidi na maji:

2C₈H₁₈ + 25O₂ → 16CO₂ + 18H₂O

Lita moja ya petroli hutoa takribani lita moja ya maji, yakiwa katika hali ya mvuke. Gari likienda safari ndefu, sailensa hupata moto na mvuke hutoka nje. Lakini gari linalotoka Ilala hadi Kariakoo na kuzimwa, sailensa yake haijapata moto wa kutosha. Mvuke hugeuka maji na kubaki ndani. Maji na oksijeni vikikutana na chuma, kutu huanza kula kutoka ndani. Kwa nje, upepo wa bahari wenye chumvi na madimbwi ya masika huongeza uharibifu.

Dalili za sailensa inayoharibika ni hizi. Kwanza, mngurumo huwa mzito kuliko kawaida, hasa dereva anapokanyaga mafuta. Pili, husikika mlio wa vyuma kugongana, kwa sababu vyumba vya ndani vimeachia au vishikizo vimekatika. Tatu, huonekana matundu yenye masizi meusi pembeni. Nne, gari hukosa nguvu na kula mafuta mengi iwapo njia ya moshi imeziba. Tano, harufu ya moshi huingia ndani ya gari. Hata hivyo, matone ya maji kwenye ncha ya bomba asubuhi si dalili ya ubovu. Ni ule mvuke uliopoa.

Wapo madereva wanaosema, “Gari linatembea, kelele si tatizo.” Kauli hiyo ni ya hatari. Mafuta yasipoungua kikamilifu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Harufu tunayoisikia ni ya gesi nyingine zilizomo katika moshi, hivyo kukosa harufu hakuthibitishi usalama. Bomba likitoboka chini ya sakafu, gesi hiyo yaweza kupenya ndani, hasa gari linaposimama kwenye foleni ya Mtaa wa Msimbazi huku vioo vimefungwa. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Abiria huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha huweza kuzimia na hata kufa.

Dalili hizo zikitokea, dereva azime injini, afungue milango na kuwashusha abiria wote wapate hewa safi. Aliyezidiwa apelekwe hospitali bila kuchelewa. Baadaye gari lipelekwe kwa fundi. Tundu dogo huweza kuchomelewa, lakini sailensa iliyoliwa na kutu ndani ibadilishwe, kwani kiraka cha nje hakizuii kutu ya ndani.

Maswali

1. Kwa nini gari la safari fupi huharibu sailensa mapema kuliko la safari ndefu?
2. Mwandishi anasema kukosa harufu hakuthibitishi usalama. Eleza sababu.
3. Fafanua maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari: (a) mngurumo (b) masizi (c) hushikamana.
4. Fupisha aya ya tano kwa maneno yasiyozidi 50.