Fahamu: Kwa nini sahani ya mzee inahitaji vyakula mchanganyiko

Mzee akishindwa kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, huambiwa ni uzee tu. Mara nyingi ni misuli iliyopungua. Hali hiyo huitwa sakopenia, jina alilolipendekeza Irwin Rosenberg wa Marekani mwaka 1989. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya umri wa miaka 30, na kasi huongezeka baada ya 60.

Kushiba peke yake hakuzuii sakopenia. Watafiti wa Japani hutumia kipimo rahisi cha makundi 10 ya vyakula, yakiwemo nyama, samaki, mayai, maziwa, soya, mboga, matunda na hata mwani. Kila kundi linaloliwa karibu kila siku hupewa alama 1. Wazee wenye alama nyingi huelekea kuwa na mikono yenye nguvu zaidi na kutembea haraka zaidi.

Mwili wa mzee hautumii protini vizuri kama wa kijana. Wataalamu wengi hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Chai na mkate, au uji mweupe anaopewa bibi asiye na meno, havifiki huko. Mwekeeni dagaa waliosagwa kwenye uji, maharage yaliyopondwa, yai, mtindi, mchicha wa karanga. Vyote ni laini.

Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kabla ya kuongeza protini. Na msimzuie mzee kutembea na kufanya kazi ndogondogo: misuli isiyotumika hupungua hata kama chakula ni kizuri.